Seli ya Ramat Gan: betri ya magnesiamu iliyoshinda upande mmoja, ikalipia upande wa pili

Mwezi Oktoba 2000 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, mjini Ramat Gan, Israeli. Walikuwa wametengeneza betri ya magnesiamu inayochajiwa, na haikuwa ya kubabaisha. Iliweza kuchajiwa na kutumika zaidi ya mara 2000, na uwezo wake ukapungua kwa chini ya asilimia 15. Magnesiamu ni metali iliyojaa tele kwenye miamba na baharini (lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 1.3), na hakuna aliyekuwa ameifanya iende na kurudi ndani ya betri mara nyingi kiasi kile.

Robo karne imepita. Huwezi kuingia dukani ukanunua betri hiyo. Hakuna simu inayoitumia, hakuna pikipiki, hakuna hata taa ya sola.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba kathodi yake, yaani upande chanya wa seli, ilikuwa dhaifu: volti 1.1 hivi, basi. Jibu hilo ni kweli, ila limeanza kusimulia katikati. Nikikipitia kisa hiki tangu mwanzo, naona udhaifu wa kathodi ulikuwa malipo ya deni lililokopwa upande wa pili wa seli, pale elektroliti, kimiminika kinachobeba ioni, inapogusana na magnesiamu. Eneo lenyewe lina unene wa nanomita chache tu, na karibu kila kitu kilichofuata kiliamuliwa hapo.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue na magnesiamu? Kila atomi yake hutoa elektroni mbili badala ya moja ya lithiamu. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu inabeba miliampia-saa 3833. Ya lithiamu inabeba 2062. Kwa uzito lithiamu inaongoza, na kwa volti pia inaongoza, lakini kwa nafasi magnesiamu ina faida kubwa, haina bei ya kutisha, na haiwaki hovyo ikiguswa na hewa. Sababu zinatosha kuanza kazi.

Utando usiopitisha

Aliyesoma kemia sekondari anaukumbuka utepe wa magnesiamu. Kabla ya kuuchoma mwalimu anakuagiza uusugue kwa msasa mpaka ung'ae, kwa sababu juu yake kuna utando wa kijivu wa oksaidi, haidroksaidi na kabonati uliotokana na hewa na unyevu. Ndani ya betri hakuna msasa. Magnesiamu ikikutana na kiyeyushi cha kawaida cha betri za lithiamu, zile kabonati za kikaboni kama ethilini kabonati, inakisukumia elektroni, kiyeyushi kinavunjika, na mabaki yanaganda juu ya metali. Ikikutana na chembe za maji, hivyo hivyo. Oksijeni nayo, hivyo hivyo.

Lithiamu hufanya mambo hayo hayo, tena kwa pupa zaidi. Mwaka 1979 Emanuel Peled wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alieleza kwa nini kwake si balaa: mabaki yanayoganda juu ya lithiamu huzuia elektroni lakini huruhusu ioni za lithiamu kupenya. Metali inajifunika, kiyeyushi kinaacha kuvunjika, na ioni zinaendelea na safari zao. Betri ya simu uliyoshika inaishi kwa sababu ya utando wa jinsi hiyo. Humo umekaa juu ya grafiti, si juu ya lithiamu tupu, lakini kanuni ni moja.

Mbona magnesiamu haikupata bahati hiyo? Ukubwa wa ioni hauhusiki. Nusu kipenyo cha ioni ya magnesiamu ni pikomita 72 na cha lithiamu ni 76. Hapo hakuna tofauti ya maana. Tofauti iko kwenye chaji: mbili badala ya moja, zimebanwa ndani ya mwili wa ukubwa ule ule. Oksijeni yoyote iliyo jirani inakamatwa na haiachiwi. Magnesiamu oksaidi huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 2850, ndiyo maana matofali yake hutandikwa ndani ya tanuri za chuma cha pua. Sasa itake ioni ya magnesiamu ihame kutoka kwa oksijeni hii kwenda kwa ile, ndani ya kitu cha namna hiyo, kwenye joto la chumbani, kwa kasi ya kuendesha simu. Haiendi.

Kutoka inaweza. Betri kavu za magnesiamu zisizochajiwa zilitumika miaka mingi kwenye redio za jeshi la Marekani, na zilikuwa na tabia moja ya kuudhi: ukiwasha, volti inazama kwanza, halafu baada ya muda mfupi inapanda. Kuzama huko ni kungoja utando upasuke. Mkondo unapopita kwa nguvu utando unachanika, metali inayeyuka kupitia nyufa, kazi inafanyika. Ila kwa kurudi, ioni inapotakiwa ipite ndani ya utando ikaketi juu ya metali kwa mpangilio, nyufa hazisaidii.

Kwa hiyo mtu anayetaka betri ya magnesiamu inayochajiwa ana njia mbili. Ama atafute utando unaopitisha magnesiamu, ama ahakikishe utando hautokei kabisa. Bar-Ilan walichagua njia ya pili. Ninavyoona mimi, uamuzi huo ndio kisa chenyewe. Mengine ni matokeo yake.

Kilichokuwemo kwenye chupa

Namna ya kuiacha magnesiamu bila utando ilijulikana zamani, kwenye maabara za kemia ya kikaboni. Victor Grignard, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alikuwa ameonyesha jinsi ya kutengeneza vitendanishi ambamo magnesiamu imeshikana na kaboni upande mmoja na klorini au bromini upande mwingine, ndani ya etha. Vitendanishi hivyo vyenyewe ni watoaji wakubwa wa elektroni. Magnesiamu ikizamishwa humo haipati wa kumsukumia elektroni zake, na etha nayo haivunjiki kirahisi, hivyo hakuna mabaki ya kuganda. Tangu miaka ya 1920 ilijulikana kwamba ukipitisha umeme kwenye myeyusho wa Grignard, magnesiamu inaganda safi kwenye elektrodi.

Tatizo linaonekana mara moja. Kitu kinachotoa elektroni kirahisi namna hiyo kitazitoa pia kwa kathodi. Hakuna kathodi ya maana inayoweza kukaa na myeyusho wa Grignard bila kuuharibu.

Mwaka 1990 Thomas Gregory, Ronald Hoheisel na Richard Winterton walipiga hatua nzuri: waliifunga kaboni kwenye boroni badala ya kuiacha kwenye magnesiamu. Chumvi yao ilivumilia zaidi kuliko Grignard, na magnesiamu ikaendelea kuganda vizuri. Walionyesha njia, lakini seli zao hazikudumu.

Kundi la Aurbach lilichukua wazo hilo likaenda nalo kwa alumini. Walichanganya dibutili magnesiamu na sehemu mbili za ethili alumini dikloraidi ndani ya tetrahidrofurani. Moja ni besi ya Lewis, inayotoa jozi ya elektroni; nyingine ni asidi ya Lewis, inayoipokea. Zikikutana, kaboni na klorini zinabadilishana makazi. Fomula inayoandikwa ni Mg(AlCl₂BuEt)₂, na wengi huinakili kana kwamba ndicho kinachoelea ndani. Sicho. Kinachoelea ni ioni zilizopangana upya, na mashuhuri kati yake ni ile yenye atomi mbili za magnesiamu zilizounganishwa na kloraidi tatu, kila magnesiamu ikiwa imeshikwa na molekuli tatu za tetrahidrofurani. Chaji ya kundi lote hilo ni moja tu. Magnesiamu inasafiri ikiwa imepunguzwa makali na kloraidi, na ndiyo maana inakubali kuvua vilivyoizunguka ifikapo kwenye metali.

Hapa inafaa tusogee karibu. Kundi hilo lilichunguza uso wa magnesiamu katika miyeyusho ya aina hii kwa vifaa kadhaa, kimojawapo kikiwa mizani ya fuwele ya kwatzi. Fuwele inatetemeka kwa kasi fulani. Kitu kikiganda juu yake, kasi inashuka, na kutokana na mshuko huo unajua uzito ulioongezeka hadi sehemu ndogo za mikrogramu. Sambamba na hilo unahesabu elektroni zilizopita. Mole moja ya elektroni inapaswa kuleta gramu 12.15 za magnesiamu, nusu ya 24.3, kwa kuwa kila atomi inadai elektroni mbili. Mizani ikisoma zaidi, kuna kitu kingine kinachojipachika pamoja na metali. Ikisoma pungufu, elektroni zinaliwa pembeni. Ni kipimo kikali, na sijui kwa nini ripoti nyingi za leo zinakikwepa na kutegemea mchoro mmoja wa volti na mkondo.

Walichokiona katika familia hii ya miyeyusho ni kwamba hakuna utando wa kudumu. Molekuli zinajishikiza usoni na kuachia, zinakuja na kwenda kufuatana na volti, na magnesiamu inakaa wazi chini yake. Kwa hiyo tunaposema metali iko uchi tusichukulie neno kwa neno. Ina wageni wanaopita, haina ukuta.

Kloraidi ina mkono wake hapo. Mwaka 2016 watafiti wa maabara ya taifa ya Argonne, karibu na Chicago, walipima athari ya maji kidogo sana kwenye elektroliti za magnesiamu. Sehemu 3 za maji katika milioni, hata chini ya hapo, zilitosha kuubana mgando wa magnesiamu na kuacha oksaidi na haidroksaidi juu ya elektrodi. Walipotia kloraidi kidogo, uso ulifufuka: kloraidi inashindania nafasi, inauzuia utando usishike. Sehemu 3 katika milioni ni kiwango ambacho hata kisanduku cha glavu kilichojaa agoni kinahitaji uangalizi kukifikia. Elektroliti ya Ramat Gan ilikuwa na kloraidi tele, tena alumini yenye vifungo vya kaboni ambayo hula maji yoyote inayokutana nayo. Ilijisafisha yenyewe. Ndiyo siri kubwa ya ile mizunguko 2000, kwa upande wa magnesiamu.

Upande wa kathodi

Kathodi ilikuwa ya awamu ya Chevrel, Mo₆S₈, familia ya salfaidi za molibdenamu iliyoelezwa mwaka 1971 na Roger Chevrel na wenzake huko Rennes, Ufaransa. Ndani yake kuna pembenane ya atomi sita za molibdenamu iliyozungushiwa mchemraba wa salfa nane, na kati ya michemraba kuna nafasi za kupokea ioni.

Huwezi kuipika moja kwa moja. Ukichoma molibdenamu na salfa kwa uwiano huo hupati unachotaka. Kinachofanywa ni kupika kwanza ile yenye shaba, Cu₂Mo₆S₈, kwenye joto kali bila hewa, kisha unga wake unalowekwa kwenye asidi ya hidrokloriki na oksijeni inapulizwa humo mpaka shaba yote itoke. Kinachobaki ni jengo tupu lenye nafasi zilizoachwa na shaba. Magnesiamu inaingia humo.

Maelezo ya vitabuni kuhusu ubora wa Chevrel ni kwamba ioni mbili za magnesiamu zinaleta elektroni nne, na atomi sita za molibdenamu zinazigawana bila yeyote kuelemewa, kwa hiyo ioni inaweza kutembea ndani bila kukwama. Sawa. Hata hivyo, kwenye joto la chumbani baadhi ya magnesiamu hunaswa ndani na haitoki, tatizo ambalo kundi hilo hilo baadaye lililipunguza kwa kubadilisha sehemu ya salfa na seleni.

Ila kuna jambo la usoni ambalo kwa miaka mingi halikuzungumzwa. Magnesiamu inayofika kwenye kathodi haifiki peke yake. Imefika na kloraidi mgongoni. Kabla ya kuingia ndani ya fuwele lazima kifungo cha magnesiamu na klorini kikatike, na kifungo hicho si mchezo. Nani anakikata? Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2015 na Liwen Wan, David Prendergast na wenzao zilionyesha kwamba molibdenamu iliyo usoni mwa Mo₆S₈ ndiyo inayofanya kazi hiyo: inaipokea kloraidi, magnesiamu inaachiwa, inateleza ndani.

Hebu tulitafakari hilo. Chevrel haikufaulu kwa sababu ya vyumba vyake vya ndani peke yake. Ilifaulu pia kwa sababu uso wake ulikuwa na atomi zinazoweza kumaliza kazi ambayo elektroliti iliiacha nusu. Oksaidi za manganisi au vanadi, ambazo zingetoa volti kubwa zaidi, hazina molibdenamu ya kumpokea kloraidi. Zikiwekwa kwenye elektroliti ile ile zinasuasua, na mtafiti anaandika kwamba magnesiamu ni nzito kutembea ndani ya oksaidi. Huenda ni nzito kweli. Lakini kama mlangoni haikupita, kipimo cha mwendo wa ndani kimepima nini?

Ndiyo maana nasema kathodi dhaifu ililetwa na elektroliti. Kloraidi iliyoisafisha magnesiamu upande mmoja iliidai kathodi yenye uso maalumu upande wa pili, na kathodi hiyo ina volti 1.1 hivi na miliampia-saa 129 kwa gramu hata ikijaa kabisa. Zidisha: wati-saa 142 kwa kilo ya kathodi. Lithiamu kobalti oksaidi, iliyokuwa tayari kwenye simu mwaka 2000, inatoa miliampia-saa 140 kwa gramu kwa volti 3.9, yaani karibu wati-saa 546. Hapo hata kama magnesiamu ingekuwa ya bure, hesabu haikai.

Kuruka majivu

Wazo la kwanza lilikuwa kupanua volti ambazo elektroliti inaweza kuzivumilia. Ile ya mwaka 2000 ilianza kuungua kama volti 2.2 juu ya magnesiamu, kwa kuwa kifungo cha alumini na kaboni ya butili au ethili ndicho kiungo chake kinyonge. Kundi hilo hilo mwaka 2008 likaondoa butili na ethili likaweka fenili, ambayo imeshikwa kwa nguvu zaidi. Mchanganyiko mpya, wa fenili magnesiamu kloraidi na alumini kloraidi, ulivuka volti 3. Watu wakashangilia.

Walikuwa wameruka majivu wakakanyaga moto. Volti hizo 3 zilipimwa kwenye elektrodi ya platini. Betri haitengenezwi kwa platini. Kopo la seli ya kitufe ni chuma kisichoshika kutu, na chuma hicho kinaishi kwa ajili ya utando wake mwembamba wa kromi oksaidi. Kloraidi inautoboa. Mtu wa pwani anajua mabati yanavyomalizwa na upepo wa bahari. Kilichomo ndani ya seli ni adui yule yule, akisaidiwa na volti inayomsukuma bila kupumzika. John Muldoon na wenzake wa kituo cha utafiti cha Toyota huko Ann Arbor, Michigan, walilisema hili bila kuuma maneno: juu ya chuma kisichoshika kutu, elektroliti zenye kloraidi zinaanza kutafuna kama kwenye volti 2.2, na vitobo vinaonekana waziwazi kwenye hadubini. Umepanua volti kwenye karatasi. Kwenye kopo umerudi pale pale.

Tangu niliposoma hayo, swali langu la kwanza kwa kila ripoti mpya ya elektroliti ya magnesiamu ni moja: volti hizo zimepimwa juu ya metali gani? Jibu likiwa platini au kaboni kioo peke yake, naendelea kusoma kwa tahadhari.

Wazo la pili lilikuwa kuiondoa kloraidi na kutumia chumvi rahisi. Chaguo la kwanza la kila mtu ni ile ya TFSI, ioni kubwa ya salfonili imidi yenye florini, ambayo kwa lithiamu ni mpole kabisa. Kwa magnesiamu si mpole. Mgando unahitaji volti nyingi za ziada, na juu ya metali kunaonekana oksaidi na floraidi. Mwaka 2015 Nav Nidhi Rajput, Kristin Persson na wenzao wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walitoa maelezo yanayokaa sawa. Magnesiamu haipokei elektroni zake mbili kwa mpigo mmoja. Katikati kuna nukta ambapo ina moja tu, na katika nukta hiyo fupi ni mkali mno. Kama TFSI imeshikana nayo wakati huo, elektroni inahamia kwenye TFSI, kifungo cha kaboni na salfa kinalegea, na ioni inavunjika. Kwa lithiamu hakuna nukta ya katikati. Elektroni ni moja, imeingia, yamekwisha. Kwa hiyo haisaidii kuuliza kama ioni fulani ni imara ikiwa peke yake. Uulize kama ni imara ikiwa imemshika magnesiamu mkono katika dakika yake mbaya.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika mwelekeo, na ikawa nzuri. Wakaanza kutafutwa ioni hasi wakubwa, wenye chaji iliyotawanyika, wasiomng'ang'ania magnesiamu. Oscar Tutusaus, Rana Mohtadi na wenzao wa Toyota walitoa mwaka 2015 chumvi ya kaborani, kitu kama mpira wa boroni kumi na moja na kaboni moja, bila kloraidi hata chembe. Ilivumilia hadi volti 3.8 na haikutafuna makopo. Mwaka 2017 Zhirong Zhao-Karger, Maximilian Fichtner na wenzao wa Karlsruhe na Ulm, Ujerumani, wakatoa borati yenye alkoksi zilizojaa florini, iliyo rahisi zaidi kutengeneza na inayovuka volti 4. Katika zote mbili, magnesiamu inaganda na kuyeyuka kwa ufanisi mkubwa. Sharti lake ni kwamba hakuna tena kloraidi wa kufagia uso, kwa hiyo maji yale ya sehemu chache katika milioni yanarudi kuwa adui wa kila siku.

Kuna waliorudi kwenye njia ambayo Bar-Ilan hawakuichagua. Mwaka 2018 Chunmei Ban na wenzake wa NREL, maabara ya taifa ya nishati jadidifu huko Colorado, Marekani, walichukua unga wa magnesiamu, wakauvisha polima iitwayo poliakrilonitrili pamoja na chumvi ya magnesiamu, wakaupasha joto hadi polima ikajikunja kuwa pete. Ukatokea utando wa kubuni wa nanomita 100 hivi unaopitisha ioni za magnesiamu lakini si elektroni. Metali iliyovishwa hivyo ilifanya kazi ndani ya propilini kabonati, kiyeyushi ambacho kwa kawaida huiua magnesiamu papo hapo, hata kukiwa na maji. Kathodi ikawa vanadi oksaidi. Mkondo uliotumika ulikuwa mdogo, na sidhani kama utando mnene hivyo utakubali mikondo ya gari. Ila ulivunja imani ya miaka mingi kwamba magnesiamu lazima iwe uchi.

Na mwaka 2021 kundi la Chunsheng Wang, Chuo Kikuu cha Maryland, lilipita katikati: waliongeza amini zenye etha zinazomshika magnesiamu mahali pa kiyeyushi, lakini zinazomwachia kwa urahisi anapofika usoni, pande zote mbili za seli. Kwa kathodi ya manganisi oksaidi waliripoti wati-saa 412 kwa kilo, wakihesabu vitu vinavyoshiriki mmenyuko peke yake. Kwangu hiyo ndiyo kazi inayokijibu kisa cha Ramat Gan moja kwa moja, kwa sababu inashughulikia milango yote miwili kwa dawa moja, badala ya kuutibu mmoja na kuupeleka ugonjwa kwa mwenzake.

Neno la pembeni kuhusu miba. Miaka mingi tuliambiwa magnesiamu haioti miba inapoganda, tofauti na lithiamu ambayo miba yake hupenya hadi ng'ambo na kuunguza seli. Mwaka 2019 kundi la Sarbajit Banerjee, Chuo Kikuu cha Texas A&M, lilionyesha miba mizuri kabisa ya magnesiamu ikiota kutoka kwenye myeyusho wa Grignard, mkondo ulipokuwa karibu miliampia 1 kwa sentimita ya mraba. Kwa hiyo maneno sahihi ni kwamba miba inategemea elektroliti na mkondo. Hili lina athari kwenye kusoma data: seli yenye magnesiamu pande zote mbili ikionyesha ghafla volti ndogo na tulivu, usikimbilie kusema uso umepona. Pengine miba imeshaunganisha pande mbili.

Tuseme tunaijenga upya leo

Tuichukue seli ya mwaka 2000 tubadilishe elektroliti peke yake, tuweke borati ya Ulm. Kopo halitafunwi tena. Alumini inaweza kutumika kama mkusanya mkondo wa kathodi. Hakuna tena kemikali inayowaka ikikutana na hewa, na tetrahidrofurani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 66, inapisha etha ndefu za glaimu zinazochemka juu zaidi. Volti inabaki 1.1, maana hiyo ni ya Chevrel.

Basi tuitoe na Chevrel. Sasa kwa kuwa hakuna kloraidi wa kukatwa mlangoni, hatuhitaji molibdenamu, na oksaidi zinaruhusiwa kujaribu. Lakini glaimu zinamkumbatia magnesiamu kwa oksijeni kadhaa kwa mpigo, na kuzivua kuna gharama yake; hapo ndipo amini za Maryland zinapoingia. Na oksaidi ikipokea magnesiamu nyingi mno, inaweza kuacha kuipokea ikaanza kugeuka yenyewe kuwa magnesiamu oksaidi na mabaki, kwa sababu ile hamu ya oksijeni tuliyoiona kwenye anodi, upande wa magnesiamu, haikuacha kuwapo kwenye kathodi.

Kisha linabaki jambo lisilo na heshima kwenye majarida: karatasi ya magnesiamu yenyewe. Fuwele zake za pembesita hazipendi kusukumwa ziwe nyembamba, kwa hiyo inayotumika sana maabara ina unene wa mikromita 100 hivi. Sentimita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina miliampia-saa 38. Kathodi ya betri ya kawaida ina 3 au 4 kwa sentimita hiyo hiyo. Yaani umebeba mara kumi ya unachohitaji, na faida yote ya ujazo tuliyoanza nayo imekwisha kabla ya kuwasha chochote. Ukiipasha moto ukaisukuma mpaka mikromita 20, kila mpito wa rola unaongeza uso mpya unaokutana na hewa ya kiwanda. Karatasi nene ya maabara unaweza kuikwangua kwa kisu ndani ya agoni. Ile ya mikromita 20 ukiikwangua, inachanika.